Kilichonitisha katika riwaya ya 1984 si kamera, ni kifutio

KUNA ukurasa mmoja katika riwaya ya George Orwell, 1984, ambao sitausahau upesi. Hauna damu wala risasi. Ni habari za chokoleti tu. Serikali inapunguza mgao wa chokoleti wa kila mtu kutoka gramu 30 hadi gramu 20 kwa wiki. Kesho yake, skrini zinatangaza kuwa wananchi wamejitokeza kwa wingi kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuongeza mgao hadi gramu 20. Kuongeza, ati! Winston Smith, mhusika mkuu, yuko kantini wakati huo. Anawatazama wenzake wakiimeza habari hiyo pamoja na mchuzi wao, na anajiuliza kama ni yeye peke yake duniani anayekumbuka jana.

Kazi ya Winston ndiyo inayofanya ukurasa huo uume. Yeye ni karani katika Wizara ya Ukweli. Kila siku analetewa habari za magazeti ya zamani zenye ahadi ambazo hazikutimizwa au takwimu zilizokwenda mrama. Anaziandika upya zilingane na yaliyotokea, gazeti linachapishwa tena likiwa na tarehe ile ile ya zamani, na nakala ya kwanza inatumbukizwa katika tundu la ukutani liitwalo shimo la kumbukumbu, ikateketee motoni. Kabla ya mgao kupunguzwa, wizara ilikuwa imeahidi kwamba hautaguswa mwaka huo mzima. Aliyeifuta ahadi hiyo ni Winston mwenyewe, kwa mikono yake, akiwa kazini.

Nakala yangu niliinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara jijini Nairobi, wale tunaowaita “inama” kwa sababu huwezi kuchagua kitabu bila kuinama. Aliyekimiliki kabla yangu alikuwa na kalamu nyekundu. Kila mahali panapotajwa skrini, kipaza sauti kilichofichwa au polisi wa fikra, amepiga mstari. Kila mahali. Kwenye kurasa za kazi ya Winston hakuweka hata nukta.

Simlaumu. Wengi wetu tunaingia katika kitabu hiki tukimtafuta Kaka Mkubwa anayechungulia. Lakini nilipokimaliza, nikiwa Mkenya wa miaka ishirini na kitu aliyeishi Juni 2024 na Juni 2025, niliona hofu yangu imekaa mahali pengine kabisa. Hebu nieleze.

Kwanza mwandishi, kwa ufupi. Wengi tunamjua Orwell kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka wa 1967. Jina lake halisi lilikuwa Eric Blair, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka wa 1903. Kati ya 1922 na 1927 alikuwa afisa wa polisi wa kikoloni nchini Burma, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi BBC akiandaa matangazo ya kupelekwa India. Watu husema kwamba 1984 inamhusu Stalin, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini huyu ni mtu aliyewahi kuvaa sare ya mkoloni na kukaa katika ofisi ya kutunga habari za vita. Alijua karani anavyoandika. Riwaya aliikamilisha akiugua kifua kikuu katika kisiwa cha Jura, Scotland. Ilichapishwa tarehe 8 Juni 1949, na yeye akafariki Januari iliyofuata akiwa na miaka 46.

Sasa, kuhusu hizo kamera. Katika nchi ya Oceania, skrini imepigiliwa ukutani na huwezi kuizima. Yetu tunainunua wenyewe, tena kwa kulipa mdogo mdogo kila siku, na tunalala nayo chini ya mto. Ni jambo la kutisha, sikatai. Ila angalia kilichotokea mwaka wa 2025 katika mkasa wa Albert Ojwang.

Ojwang alikuwa mwalimu na bloga. Alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya ujumbe wa mtandaoni uliomhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Ilikuwa tarehe 8 Juni, siku ile ile iliyochapishwa 1984, miaka 76 baadaye. (Sadfa tu, lakini niliposoma tarehe hiyo kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu nilikaa kimya kidogo.) Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali akiwa mbele ya Seneti alikiri kwamba habari ya ukuta haikuwa kweli, akaomba msamaha. Maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji hayo.

Na kamera je? Kituo kilikuwa nazo. IPOA, ile mamlaka inayochunguza polisi, ilisema mitambo yake ilikuwa imechezewa. Yaani Kaka Mkubwa alikuwa na macho, lakini usiku ule mtu fulani alitaka macho hayo yasiwe yameona. Kamera ingekuwa upande wa Ojwang. Aliyekuwa dhidi yake ni mwenye kifutio. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule wa kalamu nyekundu na mimi tulisoma vitabu viwili tofauti.

Kuna mhusika mwingine anayeitwa Syme. Ni msomi, mwanaisimu, na anaipenda kazi yake kupita kiasi. Anaandaa toleo la kumi na moja la kamusi ya Lugha Mpya, lugha rasmi ya chama. Kamusi zote duniani hunenepa mwaka baada ya mwaka. Ya Syme inakonda. Kazi yake ni kuua maneno, kwa hoja kwamba mtu akikosa neno la kitu hawezi hata kukiwaza. Katika lugha hiyo neno lenye maana ya “huru” bado lipo, lakini unaweza kulitumia tu kusema kwamba mbwa wako hana chawa au shamba lako halina magugu. Uhuru wa mtu haupo kwa sababu hauna pa kukaa katika sentensi.

Kisha asubuhi moja Syme haji kazini. Kesho yake hakuna anayemtaja. Kesho kutwa Winston anapita kwenye ubao wa matangazo palipobandikwa orodha ya wanachama wa kamati ya chesi. Karatasi ni kama ilivyokuwa, haijafutwa popote, ila ina jina moja pungufu.

Mimi nasomea Kiswahili, na hapa ndipo kitabu kilinikaba koo. Wote tulifundishwa sekondari tofauti ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Kikombe kimevunjwa: kuna mtu amekivunja, hata kama hatumjui. Kikombe kimevunjika: basi, kimevunjika, chukua ufagio. Sasa rudi usome vichwa vya habari vya mwisho wa mwaka wa 2024. Kijana ametoweka. Mwanafunzi amepotea. Mwili umepatikana. Mtu anatoweka kama moshi, utadhani ni tabia ya vijana wa siku hizi. Sisemi wahariri walikuwa na nia mbaya. Gazeti haliwezi kumtaja mtekaji ambaye hana jina wala nambari ya gari. Lakini sarufi ina nguvu zake, na ukisoma “ametoweka” mara hamsini, swali la nani aliyemchukua linaanza kuchoka lenyewe.

Mtaani walishalitatua jambo hilo zamani. Huko hawasemi “alipotea”. Wanasema “walimpoteza”. Silabi chache tu zimebadilika na tayari kuna watu ndani ya sentensi, kuna “wao” wa kuulizwa. Nilimwambia hivyo mhadhiri mmoja, akacheka, akasema hiyo ni tasnifu.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu visa 82 vya utekaji nyara kati ya Juni na Desemba 2024, na ilipotoa taarifa hiyo watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Polisi walikana kuhusika. Januari 2025 vijana kadhaa waliokuwa wametekwa wakati wa Krismasi, akiwemo mchoraji wa vibonzo, wakaachiliwa, kila mmoja mahali pake. Mei 2025 Rais akasema kwamba wote waliokuwa wametekwa wamerejeshwa kwa familia zao. Sasa wewe weka taarifa hizo kwenye mstari mmoja kama Winston anavyozipanga mezani. Kwanza hakuna aliyewachukua. Kisha wamerudishwa. Kama si gramu 30 na gramu 20 hizo, ni nini? Na zipo familia ambazo hadi leo zinasema mtu wao hakurudi.

Mfano mwingine wa Lugha Mpya, huu wa kuchekesha kama usingekuwa wa kweli. Mwishoni mwa Mei 2025, mtaalamu wa programu Rose Njeri alikamatwa kwa kuunda tovuti iliyomwezesha mwananchi kutuma baruapepe bungeni kupinga vipengele vya Mswada wa Fedha wa 2025. Bunge lenyewe ndilo lililoomba maoni ya umma! Kwenye karatasi ya mashtaka, kumwandikia karani wa kamati ya bunge kuligeuka kuwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Neno “maoni” liliingia polisi likatoka likiitwa “uhalifu wa mtandaoni”. Hakimu aliyatupa mashtaka hayo mwezi uliofuata akisema hayaonyeshi kosa lolote la jinai. Oktoba 15 mwaka huo huo Rais akatia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni, ambayo kifungu chake kuhusu unyanyasaji kina faini ya hadi Sh20 milioni au kifungo cha hadi miaka kumi, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa sehemu hiyo.

Najua kuna msomaji ambaye tayari anasema nimetia chumvi, kwamba Kenya si Oceania. Ni sawa. Katika Oceania hakuna hakimu wa kutupa mashtaka. Hakuna Seneti ya kumwita mkuu wa polisi. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vya televisheni na redio vikome kupeperusha maandamano moja kwa moja, mitambo ya vituo kadhaa ikazimwa, lakini Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo na vituo vikarudi hewani. Winston angetoa nini kupata jaji mmoja wa aina hiyo? Kwa hivyo wale wanaopiga kelele “hii ni 1984” kila mara bei ya mafuta inapopanda wananichosha pia. Ukilitumia neno kwa kila kitu nalo linakuwa kama lile la mbwa na chawa.

Ila kuna swali aliloniuliza mwenzangu mmoja katika kikundi chetu cha kusoma vitabu, naye anatoka Wajir. Tulikuwa tunabishana kuhusu kama Orwell alitabiri vizuri au vibaya, kwa nini alichagua mwaka ule, mambo ya darasani hayo. Akatuuliza: “Nyinyi mnajua kwetu 1984 ni nini?” Tukanyamaza. Akasema, “Kwetu hiyo si riwaya. Ni mwaka.”

Februari 10, 1984, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia kutoka mji wa Wajir na viunga vyake, vikawapeleka katika kiwanja cha ndege cha Wagalla. Walizuiliwa huko kwa siku kadhaa juani, bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi, wengine wakafa kwa kiu. Kwa muda mrefu takwimu rasmi ilikuwa watu 57. Manusura hutaja mamia, na wengine maelfu. Mfadhili Mwitaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia kukusanya miili na majeruhi na kupeleka habari nje, na akalazimika kuondoka nchini. Mwaka wa 2007 Salah Abdi Sheikh alichapisha kitabu kizima kuhusu mauaji hayo, Blood on the Runway.

Katika riwaya, Uingereza imepoteza jina lake na sasa inaitwa Kiwanja cha Ndege Namba Moja. Mwenzangu alipofika kwenye maneno hayo, sura ya kwanza tu, alifunga kitabu, akaendelea siku iliyofuata.

Wagalla haikuteketezwa katika tanuri. Iliwekewa tu nambari, 57, na nchi ikaambiwa iendelee na shughuli zake. Tulipokuwa tukisomea KCSE tulikariri tarehe ya Mkutano wa Berlin na majina ya mabeberu, lakini katika kikundi chetu cha watu kumi na mmoja ni wawili tu waliokuwa wamewahi kusikia jina la Wagalla, na mmoja wao ni huyo wa Wajir.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, iliyowasikiliza manusura hao na wengine kote nchini, ilimkabidhi Rais ripoti yake Mei 2013. Na hapo pia kifutio kilipita. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuiidhinisha sura ya ardhi, wakieleza kwamba aya fulani zilibadilishwa au kuondolewa kufuatia shinikizo kutoka Ikulu. Tofauti na Winston, wao hawakutumbukiza nakala ya kwanza shimoni. Maelezo yao ya kupinga, pamoja na aya zilizoondolewa, yaliwekwa mtandaoni na yeyote mwenye bando anaweza kuyasoma leo. Mapendekezo mengi ya tume hiyo hayajatekelezwa mpaka sasa.

Kuna mahali ambapo mimi na Orwell tunakosana, au labda nakosana na Winston. Katika Oceania, watu wa kawaida, asilimia 85 ya wananchi, hawahesabiki. Chama hakihangaiki hata kuwawekea skrini. Winston anasema tumaini liko kwao, lakini siku moja anasikia kelele za mamia ya wanawake barabarani, moyo unamruka, anadhani mapinduzi yameanza. Kumbe ni soko, sufuria zimekwisha, na wanawake wawili wanavutana na moja hadi mpini unang’oka. Anasikitika. Anajiuliza mbona hawapigi kelele kama hizo kwa jambo lenye maana.

Sufuria ina kasoro gani? Mwaka wa 2024 Mswada wa Fedha ulilenga kukusanya takribani Sh346 bilioni zaidi, na haukupambana na nchi kwa nadharia. Ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Ulipendekeza ushuru wa mazingira ambao ungegusa sodo na nepi. Mkate na sodo, hayo ndiyo mambo yaliyowatoa watu nyumbani. Serikali iliondoa pendekezo la mkate tarehe 18 Juni, lakini watu hawakurudi. Waliokuwa wameanza na bei ya mkate walikuwa sasa wanauliza kuhusu deni la taifa, bajeti ya Ikulu na kifungu gani cha Katiba kinamruhusu mpiga kura kumwondoa mbunge. Winston hakungoja kuona wale wanawake wangesema nini baada ya sufuria.

Tena kuna jambo lililotokea wiki hizo ambalo ni kinyume kabisa cha kazi ya Syme. Vijana waliuchukua mswada ule, maandishi ya kisheria ya kukausha ubongo, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, kwenye TikTok na makundi ya WhatsApp, ili hata nyanya kijijini aelewe kipengele kinachomhusu. Kamusi ilinenepa. Maneno kama “mswada”, “kutia saini”, “ushuru wa mazingira” yalikuwa midomoni mwa makanga. Mnamo 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106 waliopinga, bunge likavamiwa, watu wakapigwa risasi. Usiku huo Rais aliyataja yaliyotokea kuwa ya uhaini. Kesho yake mchana akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo kwa kuwa wananchi wamesema.

Orwell ana tukio la namna hiyo pia. Katikati ya hotuba ya hadhara, msemaji anakabidhiwa kikaratasi na adui wa nchi anabadilika bila sentensi kukatika, na umati unaendelea kushangilia kana kwamba adui amekuwa ni huyo tangu jadi. Kwetu msemaji aligeuka lakini umati haukusahau. Maneno ya usiku na ya mchana yote mawili yako kwenye simu zetu hadi leo, yakiwekwa bega kwa bega kila mwaka Juni ikifika.

Kwamba serikali huogopa hadithi si jambo geni hapa. Ngũgĩ wa Thiong’o alipochapisha Matigari kwa Gikuyu mwaka wa 1986, habari zilimfikia Rais Moi kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka mashambani akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Polisi walipogundua kwamba mtu huyo anaishi kitabuni tu, mwaka wa 1987 wakavikamata vitabu. Na Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na tamthilia yao ya Echoes of War, iliyoandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala, kuhusu vijana na utawala katika nchi ya kubuni. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza, wakilalamika kwamba wamenyimwa mwelekezi wao na vifaa, huku nje polisi wakirusha vitoa machozi. Wasichana wa sekondari, na sare zao.

Lakini nisiitupie serikali kila kitu. Yapo mambo katika riwaya hii yanayotuhusu sisi wenyewe. Zile Dakika Mbili za Chuki ambapo watu wanaizomea sura ya adui kwenye skrini hadi sauti zinakauka, nani kati yetu hajaziona kwenye X saa tatu usiku? Mtu anaandika maoni tofauti kidogo na kabla hajanywa chai amechimbuliwa picha, kazi ya mamake na kabila lake. Hiyo haifanywi na Wizara ya Ukweli. Inafanywa na vijana wenye bando, wengine wakilipwa, wengi wakijitolea.

Na kuna vifutio vinavyoshikwa kwa upendo. Juni 2024 mama yangu alinipigia simu saa nne usiku. “Futa hiyo kitu umeweka status,” akasema, bila hata kunisalimu. Hakuna askari aliyemtuma. Alikuwa ametazama habari, akahesabu watoto wake, basi. Katika 1984 jirani wa Winston, Parsons, anaripotiwa polisi na binti yake mwenyewe wa miaka saba, na badala ya kukasirika anajivunia jinsi alivyomlea. Wakenya hatujafika huko, na sidhani tutafika. Kwetu hofu inakuja kwa njia nyingine: mzazi anayekupenda anakuomba upungue kidogo, upunguze maneno, jina lako lisionekane kwenye orodha. Nilimwambia mama kwamba niliyoyaandika ni ya kweli. Akasema hata yeye anajua ni ya kweli, kwani hiyo ndiyo shida. Tulibishana hadi salio likaisha.

Wengi hukiweka kitabu chini pale Winston anapovunjwa na kuanza kumpenda Kaka Mkubwa. Mwisho wa kuvunja moyo kweli, na katika kikundi chetu wawili waliapa kutomsoma tena Orwell. Lakini baada ya hapo kuna kiambatisho, kurasa kadhaa kavu kama za kitabu cha isimu, zinazoeleza kanuni za Lugha Mpya. Mimi huvipenda viambatisho, sina la kujitetea. Kiambatisho hicho kimeandikwa kwa wakati uliopita. Lugha Mpya ilikuwa hivi, lengo lake lilikuwa vile. Tena kimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, chenye maneno yote. Kuna wasomi wanaosema hiyo ni ishara kwamba chama kilianguka baadaye, na mtu fulani aliyebaki akakaa akaiandika historia yake. Wengine wanasema ni mtindo tu wa uandishi, tusijipe moyo bure. Mwenzangu wa Wajir hakuegemea upande wowote. Alitaka kujua tu huyo aliyekiandika alizipata wapi kamusi za zamani, kama zote zilichomwa. Lazima kuna mtu alificha moja, akasema, na angependa riwaya kuhusu mtu huyo.

Hiyo hatuna. Jumamosi ijayo tunaanza Walenisi ya Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyezuiliwa bila kufunguliwa mashtaka katika miaka ya themanini, kisha mwaka wa 1995 akachapisha hadithi ya mtu aliyehukumiwa kifo akajikuta katika nchi inayofaa kuishi. Nakala tunazo nne kwa watu kumi na mmoja, kwa hivyo tutasoma kwa zamu.